Tanuri la taka la hospitali linakunywa dizeli karibu maradufu na moshi bado ni mweusi: tatizo ni mashine au ni mifuko?

#1 Fundi_Kibos
Salaam wadau. Kuna hospitali ya kiwango cha 4 huku upande wa Nyando, kaunti ya Kisumu, Kenya, vitanda 110. Ina tanuri la kuchomea taka lenye vyumba viwili na vichomeo viwili vya dizeli. Kimoja kiko chini, panapoingia taka, na kingine kiko juu kuunguza moshi kabla haujatoka. Linawashwa mara tatu kwa wiki, kilo 70 hivi kila mara. Mwaka juzi kazi hiyo ilichukua lita 20 kwa muda wa saa mbili. Siku hizi ni lita 38 kwa saa tatu na nusu, na kila mlango ukifunguliwa na kujazwa, moshi mweusi unatoka kwa dakika 15 nzima. Moshi huo unakwenda moja kwa moja kwenye madirisha ya wadi ya waliojifungua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Hesabu ya haraka: lita 18 za ziada × mara 3 × wiki 52 = lita 2,808 kwa mwaka. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa karibu kilo 2.7 za kaboni dioksidi. Hizo ni tani saba na nusu zinazopaa bure.

Nozeli zote mbili (vile vidomo vya kunyunyizia dizeli) ni za galoni 1.5 kwa saa. Matofali ya ndani yana nyufa ndogo ila hayajabomoka. Kipimo cha joto cha chumba cha juu kimekufa. Wakubwa wanataka kununua jipya. Mimi nasema hata likija jipya litakufa kifo kilekile kama hatujajua kilichoua hili. Nianzie wapi?

#2 Afisa_Usafi_Bungoma
Anzia wadini, weka spana chini kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 85 ya taka za hospitali ni taka za kawaida tu: karatasi, maboksi, maganda, chupa za maji. Asilimia 15 ndizo za hatari. Kwa nchi zenye kipato kidogo wanakadiria taka hatari ni kama kilo 0.2 kwa kitanda kwa siku. Wewe una vitanda 110, yaani kilo 22 kwa siku, 154 kwa wiki. Unachoma 210. Kilo 56 kila wiki zinafanya nini humo ndani?

Rangi tunazijua sote: mfuko mweusi wa taka za kawaida, wa njano wa taka zenye maambukizi, mwekundu wa viungo na taka za hatari zaidi, sindano kwenye kisanduku chake. Ukikuta wadi ina pipa la njano peke yake karibu na kitanda na jeusi liko mwisho wa korido, usimlaumu mgonjwa anayetupa ganda la ndizi kwenye njano.

#3 Mvuke_Nakuru
Afisa, hayo ni kweli, lakini ganda la ndizi halitoi moshi mweusi wa dakika 15. Hiyo ni nozeli. Tundu la nozeli likilika, dizeli inatoka kama mkojo badala ya ukungu. Matone makubwa hayaungui yakaisha, yanageuka masizi. Nozeli hupimwa kwa shinikizo la pauni 100 kwa inchi mraba, na galoni 1.5 za Marekani ni kama lita 5.7 kwa saa. Vichomeo viwili ni lita 11.4. Fundi, zifungue zote mbili, tazama kichujio kidogo cha nyuma. Kikiwa na tope jeusi, umeshapata jibu. Na usisafishe tundu kwa waya wala sindano. Ukilikwaruza umeliua kabisa. Nunua mpya yenye pembe ileile ya kunyunyiza.

#4 Hesabu_Kwanza
Mvuke, soma tena namba za #1. Zamani lita 20 kwa saa mbili ni lita 10 kwa saa. Sasa 38 kwa saa tatu na nusu ni lita 10.9 kwa saa. Kasi ya kunywa haijabadilika sana, kilichobadilika ni muda. Nozeli iliyolika ingeonekana kwenye lita kwa saa. Hapa kuna kitu kinachopoza tanuri, mpaka kidhibiti joto kinakataa kuzima vichomeo.

#5 Mvuke_Nakuru
Hesabu safi, mwalimu, ila umechukulia kwamba vichomeo vyote viwili vinawaka. Je, kama cha juu kimezimika, hizo lita 10.9 zote zikawa zinapita nozeli moja iliyolika, na mtu amekaza skrubu ya shinikizo la pampu? Jumla itaonekana sawa kumbe ndani ni balaa. Jicho la kichomeo, lile linaloona mwanga wa moto, likishika masizi linakata mafuta lenyewe, na mtu wa nje anasikia feni ikivuma, akadhani moto upo.

Fundi, jaribio ni rahisi. Toa mpira wa kunyonya kwenye tangi, uchovye kwenye jerikeni ya lita 20 yenye alama. Kama kuna mpira wa kurudisha, nao uingize humohumo. Funga vali ya kichomeo kimoja, endesha kingine dakika 10, soma. Kisha badilisha.

#6 Sista_wa_Zamu
Naomba niulize jambo ambalo mafundi hamlioni kwa sababu linafanyika ndani. Je, glavu na pamba zinaingia kwenye ndoo ya klorini kabla ya kwenda kwenye mfuko wa njano?

Mazoea haya yako kila mahali: ndoo ya klorini ya asilimia 0.5 (ile ya dukani ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa maji sehemu 6), kila kitu kinazamishwa dakika 10. Kwa vyombo vinavyooshwa na kutumika tena ni utaratibu wa siku nyingi. Kwa kitu kinachokwenda kuchomwa, hakuna faida. Unachopeleka tanurini ni glavu zilizojaa maji kwenye kila kidole, na maji yenyewe yana klorini. Chukua glavu moja iliyotoka kwenye ndoo, ishike kwa kifundo uone vidole vyake vitano vilivyovimba kama viwele. Sasa fikiria mfuko mzima.

#7 Afisa_Usafi_Bungoma
Asante dada! Na hiyo klorini ndiyo malighafi ya dioksini, ile sumu kali ya moshi wa taka. Pamoja na mirija ya dripu. Mirija hiyo kwa kawaida ni plastiki ya PVC, na PVC kabla ya kuchanganywa na vilainishi ina klorini karibu asilimia 57 ya uzito wake. Chupa za dripu zenyewe mara nyingi ni plastiki nyingine isiyo na klorini. Kwa hiyo wakitenganisha mrija na chupa, chupa isiyogusa damu inaweza kuoshwa na kwenda kwa wanaosaga plastiki, na moshi unapungua ukali.

#8 Hesabu_Kwanza
Sista, hoja yako ni nzito lakini tuipime. Kilo moja ya maji, kuichemsha mpaka iwe mvuke wa nyuzi 850, inataka kama megajuli 4.2. Lita ya dizeli ina megajuli 36. Tuseme kati ya kilo 70 kuna kilo 20 za maji ya ndoo: megajuli 84, yaani lita 2.3. Joto zaidi ya nusu linapotelea kwenye bomba la moshi na ukutani, kwa hiyo weka lita 5. Fundi anatafuta lita 18. Maji yanaeleza robo tu ya wizi huu.

#9 Sista_wa_Zamu
Robo ni robo. Na inaondolewa bila shilingi hata moja, kwa kuhamisha ndoo tu.

#10 Moto_Mdogo_Kakamega
Hakuna aliyeuliza linajazwaje. Kilo 70 zinaingia kwa mikupuo mingapi?

#11 Fundi_Kibos
Miwili. Nusu mwanzoni, nusu baada ya saa moja na kitu.

#12 Moto_Mdogo_Kakamega
Basi moshi wako nimeuona. Plastiki ya kilo 35 ikitupwa mara moja juu ya makaa, yote inageuka gesi ndani ya dakika chache. Feni haiwezi kuleta hewa ya kutosha. Gesi isiyopata hewa inatoka nyeusi, halafu ikitulia tanuri linaanza kupoa. Jaza kilo 5 au 6 kila dakika 10, changanya mfuko mzito wenye majimaji na mwepesi wa plastiki. Lianze likiwa tupu, lipashwe mpaka chumba cha juu kifike nyuzi 850 ndipo mfuko wa kwanza uingie. Moshi ukae chumba cha juu si chini ya sekunde 2. Bila kipimo cha joto mnabahatisha, na kihisi cha joto cha aina ya K si kitu cha gharama.

Hata yale matanuri ya matofali ya De Montfort, yaliyobuniwa na Profesa Picken kule Leicester, Uingereza, na kujengwa kwenye vituo vingi vya Afrika, yanakataa papara hii. Dogo lake linachukua kilo 12 hivi kwa saa. Ukilishindilia linageuka jiko la kukaushia samaki.

Jambo lingine: vichupa vya dawa. Kioo kinalainika kwenye joto hilo, kinatiririka, kinaganda kwenye chaga za chini na kuziba matundu ya hewa. Ukipiga chaga kwa nyundo ukasikia sauti ya sahani, ujue hewa haipandi tena.

#13 Mlango_na_Kamba
Nami naongeza mlango. Tanuri likifunguliwa mara mbili tu, tena moto wote ukilipuka usoni, chuma cha mlango kinapinda. Kamba ya kuziba inalika, hewa baridi inaingia kando bila kupita kwenye moto. Hapo ndipo joto linaposhuka na vichomeo vinawaka bila kupumzika, jambo linalolingana na hesabu ya #4. Jaribio: tanuri likiwa baridi, funga mlango juu ya kipande cha karatasi, vuta. Kikichomoka bila kukwama, hapo panavuja. Zunguka mlango mzima hivyo. Kamba mpya iwe ya nyuzi za seramiki. Ya zamani ikiwa ya kijivu na inavunjika unga, ilowesheni kwanza na mvae barakoa ya kuchuja vumbi, yawezekana ni asbesto.

Na waambie wasimwage maji tanurini ili lipoe haraka wakatoe majivu. Nyufa za matofali hutoka hapo.

#14 Upepo_wa_Ziwa
Wote mmesahau mko wapi. Ukanda huo, kuanzia adhuhuri upepo unatoka ziwani kuingia bara. Bomba la moshi likiwa fupi kuliko paa la jengo la jirani, upepo unaupiga moshi chini na mvuto unakufa. Wanachoma saa ngapi?

#15 Fundi_Kibos
Saa nane mchana, baada ya wadi kukusanya. Bomba ni la mita 6, na limetoboka kutu karibu na kitako.

#16 Upepo_wa_Ziwa
Haya! Wahamie saa moja asubuhi, upepo ukiwa umetulia. Na tundu la kitakoni linanyonya hewa baridi, mvuto unapungua. Kutu hiyo inaletwa na asidi ya hidrokloriki, itokanayo na klorini, inayoganda kwenye chuma bomba likiwa halijapata moto wa kutosha. Kwa hiyo hata mimi narudi kwenye glavu za Sista.

#17 Jirani_wa_Menengai
Ndugu zangu, kwa nini tunamfufua maiti? Mkataba wa Stockholm wa 2001 umepiga marufuku matanuri haya. Nunueni otoklevu, mkachemshe taka kwa mvuke, mambo yaishe. Stima ya Kenya sehemu kubwa ni mvuke wa ardhini na maji. Olkaria iko hapa kwetu kaunti ya Nakuru. Unawezaje kuchoma dizeli lita 38 wakati mvuke unatoka chini ya miguu yako?

#18 Hesabu_Kwanza
Jirani, rekebisha kidogo. Mkataba wa Stockholm haukupiga marufuku matanuri. Uliyataja kama chanzo cha dioksini na kuzitaka nchi zitumie mbinu bora zilizopo na kuzipa kipaumbele njia mbadala. Hapa nyumbani tanuri linataka leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, lakini ni halali.

Hilo la stima nakuunga mkono. Otoklevu ya lita 200 inabeba kama kilo 20 za taka zisizoshindiliwa. Ikiwa na elementi za kilowati 12 zinazowaka theluthi mbili ya saa, ni uniti 8 kwa mzunguko. Kilo 70 ni mizunguko minne, uniti 32. Linganisha na lita 38, ambazo ni kilo 103 za kaboni.

#19 Otoklevu_Eldoret
Nakubali, ila msinunue kabla hamjasoma hii, kwa sababu zinazokufa ni nyingi.

Mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 30 unaua vijidudu pale tu unapogusa kitu. Mfuko uliofungwa fundo una hewa ndani, na hewa ni blanketi. Kipimo kitasoma 121, katikati ya mfuko iwe 90. Kwa taka chagua mashine yenye pampu ya ombwe inayonyonya hewa kwanza, na mifuko iachwe midomo wazi. Mifuko iwe ya polipropilini. Ile ya njano ya kawaida inayeyuka na kugandia kwenye chemba, utaibandua kwa kisu. Kila asubuhi fanya jaribio la Bowie-Dick kuona kama ombwe linafanya kazi, na kila wiki weka kichupa chenye mbegu za bakteria wa Geobacillus stearothermophilus katikati ya mzigo mzito. Wakiota baada ya mzunguko, mzigo wote haujaiva.

Visivyoingia kabisa: dawa za saratani, dawa zilizopita muda, zebaki, kemikali za maabara, na viungo vikubwa vya mwili. Kwa hiyo tanuri halifi, linabaki na kazi ndogo.

#20 Maji_Magumu
Na maji. Pampu nyingi za ombwe zinakunywa maji kama ng'ombe, dai tangi la kuyazungusha tena. Kwa Nakuru maji mengi ya visima yana floridi na bikaboneti ya sodiamu. Bikaboneti ikichemka inatoa kaboni dioksidi, ikipoa na mvuke inakuwa asidi inayokula mabomba. Magharibi mna mvua, tumieni ya paa. Paa la mita mraba 200 kwa mvua ya milimita 10 linakupa kama lita 1,600 ukiondoa zinazopotea. Maji laini, elementi hazishiki magadi.

#21 Afisa_Usafi_Bungoma
Jirani, na zikitoka kwenye otoklevu zinakwenda wapi? Zinaonekana vilevile, sindano ni sindano. Ukizipeleka jaa kama Gioto la Nakuru, watu wanaookota pale watajuaje kwamba zimechemshwa? Lazima ziwe na mashine ya kuzikatakata. Na hiyo mashine, siku mkasi mmoja wa thieta ukiteleza ndani ya mfuko, visu vimekwisha. Tumerudi palepale kwenye kutenganisha.

Halafu mifuko: kuna anayenunua myeusi kwa kila kitu akisema marufuku ya Agosti 2017 ilifuta ya rangi. Si kweli. Iliyofungiwa ni mifuko ya kubebea bidhaa na ile ya bapa. Ya taka za hospitali ina utaratibu wake wa kibali.

#22 Nusukaputi
Nawasoma tangu juzi. Mnahangaika na dizeli, na thieta iko kimya. Gesi za usingizi zinatoka dirishani na hakuna moshi wa kuwashtua. Sevoflureni ndiyo mbaya kuliko zote.

#23 Daktari_Usingizi_Ksm
Karibu, ila sevoflureni ndiyo nafuu kati ya hizo. Kwa miaka 100 uzito wake ni kama mara 130 ya kaboni dioksidi. Isoflureni ni kama mara 510, desflureni zaidi ya mara 2,500. Scotland iliondoa desflureni mwaka 2023. Huku kwetu thieta nyingi zinatumia isoflureni.

Chupa ya isoflureni ya mililita 250 ni gramu 375 hivi, sawa na kilo 190 za kaboni. Hiyo ni kama lita 70 za dizeli ndani ya chupa inayoenea mkononi. Kinachosaidia bila kununua chochote: ukishamlaza mgonjwa, shusha gesi inayopita kutoka lita 5 au 6 kwa dakika mpaka lita 1, mradi mashine ina kipimo cha oksijeni na cha kaboni dioksidi na chokaa ya soda, ile inayonyonya kaboni dioksidi ya pumzi, haijaisha. Chokaa ikibadilika rangi badilisha, rangi ikirudi usiku usidanganyike. Upasuaji wa uzazi ukifanywa kwa sindano ya mgongo, gesi haiguswi kabisa. Na naitrasi oksaidi: kilo moja ni kama kilo 270 za kaboni. Penye mfumo wa mabomba ukutani, mwingi unavuja kabla ya kufika kwa mgonjwa. Funga bomba, tumia mtungi mdogo kwenye mashine, ufungwe kila jioni.

#24 Mama_Kano
Jamani, kondo la nyuma mmeliacha. Tanuri hilo la Nyando linachoma kondo?

#25 Fundi_Kibos
Ndiyo mama, mengine. Shimo linajaa maji kila masika.

#26 Mama_Kano
Nilijua. Kondo ni maji matupu na damu, hakuna kitu kigumu kukichoma kama hicho. Rudisheni shimo. Kitako cha shimo kiwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5 angalau, na kwa udongo mweusi wa Kano hilo maana yake ni kulijenga nusu juu ya ardhi: pete za zege, ukingo ulioinuka kuzuia mafuriko, mfuniko wenye kufuli, bomba la hewa lenye wavu. Na msimwagie klorini! Kuna watu wanamwaga kila asubuhi kwa ajili ya harufu, wanaua bakteria wanaofanya kazi ya kuozesha, shimo linajaa kwa miezi. Kuwe na mawili, moja likijaa lifungwe lipumzike miaka miwili hivi. Kule Nepal zipo hospitali zinazoyaingiza kwenye mtambo wa biogesi pamoja na mabaki ya chakula, gesi inakwenda jikoni. Hapa wengine hawatalikubali hilo, na familia inayotaka kwenda kuzika kondo nyumbani ipewe, ni haki yake.

#27 Jirani_wa_Menengai
Asante kwa masahihisho ya #18. Swali dogo: majivu ya tanuri yanafaa shambani?

#28 Mama_Kano
Hapana, hata kidogo! Yana metali nzito na vipande vya sindano. Yaende kwenye shimo la zege lililofunikwa. Kabla ya hapo hakikisheni hakuna vipimajoto vya zebaki vilivyotupwa kwenye njano. Zebaki haiungui, inapaa na moshi, inarudi na mvua ziwani, inaingia kwenye samaki.

#29 Fundi_Kibos
Wadau, nimefanya jaribio la jerikeni la #5. Kichomeo cha chini peke yake: lita 1.1 kwa dakika 10. Cha juu peke yake: lita 0.7. Karatasi ya #13 imechomoka bure upande wote wa bawaba. Mifuko ya njano ya siku moja imepimwa kwenye mizani ya jikoni kabla ya kufungwa: kilo 31, kati yake kilo 9 ni chupa za maji, karatasi na mabaki ya chakula. Ndoo ya klorini ipo wadi tatu.

#30 Mvuke_Nakuru
Lita 6.6 kwa saa chini, 4.2 juu, na zote ni nozeli za 5.7! Ya chini imelika, ya juu imeziba. Jumla 10.8, ndiyo maana hesabu ya #4 ilionekana shwari. Chini unamwaga mafuta mabichi, juu hakuna moto wa kuuchoma moshi wake. Nilisema.

#31 Afisa_Usafi_Bungoma
Kilo 9 kwa siku ni 63 kwa wiki. Mimi nilikadiria 56. Ondoa hizo, kama saa tatu za kuchoma zinaondoka kila wiki kabla hujanunua nozeli.

#32 Mlango_na_Kamba
Na bawaba je? Nozeli haikuukunja mlango.

#33 Sista_wa_Zamu
Ndoo ziondolewe karibu na mapipa ya njano leo hii, zibaki chumba cha kuoshea vyombo. Andikeni kwenye karatasi kubwa: kinachochomwa hakilowekwi. Na hizo wadi tatu zipewe mapipa meusi ya kukanyaga kwa mguu, moja kila vitanda sita.

#34 Hesabu_Kwanza
Fundi, ombi moja. Usibadilishe nozeli, kamba ya mlango na ndoo siku moja. Moshi ukikoma hutajua nani aliukomesha, na mwakani wataacha kile kilichokuwa kinasaidia. Weka kihisi cha joto kwanza. Wiki ya kwanza ondoa ndoo na taka za kawaida tu, andika lita, muda na joto la chumba cha juu kila dakika 10. Wiki ya pili nozeli. Wiki ya tatu kamba, na kujaza kilo 5 kila dakika 10 kama alivyosema Moto_Mdogo.

#35 Daktari_Usingizi_Ksm
Wiki tatu za moshi kwenye madirisha ya watoto wachanga kwa ajili ya jedwali? Saa ya kuchoma na namna ya kujaza zibadilishwe kesho, hayo hayagharimu kitu. Mengine pimeni mtakavyo.

#36 Fundi_Kibos
Daktari, nimekubali. Kesho tunawasha saa moja asubuhi, mifuko midogo midogo. Kihisi cha K nimekipata Kisumu, kinahimili hadi nyuzi 1,200. Swali la mwisho kwa Mvuke: tundu la kihisi litobolewe wapi, karibu na mdomo wa kichomeo cha juu au mwanzo wa bomba la moshi?

#37 Mvuke_Nakuru
Mwisho wa chumba cha juu, moshi unapotoka, ncha iingie sentimita 10 kupita matofali. Ukikiweka mbele ya kichomeo kitasoma moto wa dizeli, si wa moshi.